Ombi la Jumanne

Alhamisi ya tatu bila Wafula, Rejoice alifagia uwanja mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na majani. Mara ya pili haukuwa na kitu, ila saa nne ilikuwa inakaribia, na saa nne ya Alhamisi mwili wake ulishazoea kuwa na shughuli: kufagia, kupangusa kiti cha plastiki cha bluu, kubadilisha kitambaa cha kichwa, halafu kukaa na kujifanya hangoji mtu.

"Wewe iko nafagia nani?" aliuliza baba yake mdogo, mzee Lokosang, akiwa amekaa chini ya rakuba, kile kivuli cha miti na turubai ambacho nyumba nyingi za mtaa wa Hai Malakal hukifanya sebule.

"Nafagia vumbi, baba."

"Vumbi iliisha kitambo. Sasa iko nafagia Juba yenyewe."

Rejoice aliuegemeza ufagio ukutani. Kila mtu pale nyumbani alijua anayefagiliwa, na kila mtu alijua kwamba hatakuja.

Kwa mwaka mzima Wafula alikuwa amekuja kila Alhamisi. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, afisa wa ustawi wa jamii katika shirika moja lililosaidia familia zilizorudi kutoka uhamishoni Uganda. Alikuwa mrefu, akiinama kila mara kupita getini hata pale ambapo hapakuwa na haja ya kuinama. Alikaa kwenye kiti cha bluu, akafungua faili lake na kuuliza habari za Victoria, dada mdogo wa Rejoice. Victoria alikuwa amemtoroka mumewe Ivan, mwenye gari la kuuzia maji, akiwa na mkono uliovunjika na binti wa miaka minne aitwaye Kisakye. Wakamficha Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, kwa shangazi yao anayewauzia madereva wa malori chai. Waliojua walikuwa shangazi, mzee Lokosang na Rejoice. Wa nne alikuwa Wafula, na yeye alijua kwa sababu Rejoice alitia saini fomu iliyosema maelezo ya familia hii hayatatoka kwa mtu yeyote bila ruhusa yao ya maandishi.

Siku za Alhamisi Rejoice alichelewa kwenda soko la Custom, alikokuwa na cherehani na wateja, na wateja wake hawakuwahi kupewa sababu yenye kueleweka. Na sababu haikuwa na jina. Wafula hakuwahi kumgusa. Vidole vyao vilikutana mara moja tu kwenye kikombe cha chai, mwezi wa pili, na ukimwamsha Rejoice usingizini leo hii atakutajia mpaka rangi ya kikombe. Yaliyobaki yalikuwa macho. Anauliza swali la fomu, anaandika jibu, anainua macho, na macho yanasahau kurudi kwenye fomu.

Kisha ikaja Jumapili ile, alfajiri, Ivan akatokea Nesitu na kuipiga teke meza ya chai, akiita jina la mkewe. Victoria alipitia nyuma na mtoto mgongoni, akapandishwa kwenye lori la vitunguu na kufunikwa magunia. Sasa yuko mahali ambapo hata mimi ninayewasimulia sipataji.

Mtu fulani alikuwa amesema. Mzee Lokosang alimtaja Wafula siku ileile. Rejoice alimtetea mpaka sauti ikakauka: si yeye, hawezi kuwa yeye, ninamjua. Lakini wiki tatu zilipita na Wafula hakuja wala hakupiga simu. Shirika lake lilipoandikiwa, lilijibu kwa barua fupi kwamba hakuna ushahidi wa mtumishi wao yeyote kuvunja usiri.

Leo wakili alikuwa amewaita saa tano.

*

Wakili Jacinta Akur alikuwa amesoma Nakuru, akarudi Juba na digrii na Kiswahili cha huko. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, karibu na soko la Custom. Kelele za makondakta na boda zilipanda ngazi na kuingia bila kubisha. Alifunga dirisha, akafungua fomu aliyoitia saini Rejoice, akaigonga kwa kalamu.

"Sikizeni. Hii karatasi ni ahadi. Mkionyesha kwamba yule afisa aliivunja, hamko mikono mitupu. Kuna mahakama. Katiba inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, na dada yenu amepoteza makao na amani, kwa hivyo fidia mnaweza kudai. Lakini niwaambie ukweli, kesi kama hiyo inaweza kuchukua miaka. Na Victoria atatakiwa asimame aeleze, huku Ivan amekaa nyuma pale akimwangalia."

"Hapana mahakama," alisema mzee Lokosang. "Sisi naenda kwa chifu. Siku moja tu. Huyu kijana ya Kenya nalipa mbuzi, kalas, imeisha."

"Mzee, na chifu akimwita Ivan? Yeye ni mume. Yataanza kuwa maneno ya siri, yaishe kuwa maneno ya mke aliyetoroka."

Mzee alikuna goti, akaiacha habari ya mbuzi.

"Njia ya haraka," Jacinta aliendelea, "ni lalamiko rasmi kwa shirika lenyewe. Wakilikubali, itabidi wamhamishe Victoria na mtoto kwa gharama yao, mahali pasipoandikwa kwenye faili la mtu. Wakikaidi, tunapanda kwa wafadhili wao na kwa wizara. Na mahakama haitakuwa imefungwa, haki ya kwenda huko tutaihifadhi. Lakini aliyetia saini fomu ni wewe, Rejoice. Lalamiko ni lako, ulitie saini ama uliache."

Rejoice aliitazama kalenda ya duka la dawa iliyoning'inia nyuma ya wakili. "Na huyo afisa?"

"Atafukuzwa. Kibali chake cha kazi kiko mikononi mwa shirika. Atarudi kwao ndani ya wiki."

Kalenda ilikuwa bado iko mwezi uliopita. Rejoice aliisoma yote, mpaka namba ya simu ya duka.

"Lakini tatizo," alisema Jacinta, "hatuna ushahidi. Tunadhani tu. Bila mtu wa kusema fulani alitamka maneno haya mahali hapa, barua yangu itajibiwa kama yenu ilivyojibiwa."

Moyo wa Rejoice uliruka kwa furaha. Ulifurahi kweli, dakika nzima, kwamba hakuna ushahidi, kwamba Wafula angebaki na labda Alhamisi moja getini kungebishwa. Halafu akaukumbuka mkono wa Victoria, ulivyounga vibaya ukapinda karibu na kiwiko, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Dada yake anahamahama na mtoto, na yeye anasherehekea kukosekana kwa shahidi.

"Kuna kitu lazima nikuulize," Jacinta alisema, sasa kwa sauti ya chini, "kwa sababu upande wa pili watakiuliza. Kuna uhusiano wowote kati yako na huyu Bwana Wafula?"

"Hajawahi kunigusa hata kidole."

"Sikuuliza habari ya vidole."

Mzee Lokosang aligeuza shingo polepole kumtazama binti wa kaka yake. Rejoice alifungua mdomo, na kwa bahati yake, au kwa bahati mbaya, mlango ulibishwa.

Aliinama kuingia, ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha.

*

Rejoice alikuwa ameyapanga maneno kwa wiki tatu. Alikuwa na ya ukali, alikuwa na ya dharau, alikuwa na moja la mwisho la kumfungia mlango. Wafula aliweka bahasha ya kaki juu ya meza ya wakili, akasema, "Nimesikia mna wakili. Haya ni maelezo yangu. Nimeyatia saini kila ukurasa." Kisha akamgeukia. Ndevu zilikuwa zimemwota na kola ya shati imelegea shingoni.

"Umekonda," alisema Rejoice. Hilo halikuwemo kwenye yale aliyoyapanga.

"Nipe dakika kumi, dada Rejoice. Nje hapo, mlango uwe wazi."

Jacinta alikuwa ameshafungua bahasha, akapunga mkono waende. Mzee Lokosang aliwafuata, akajiweka kwenye benchi la kibarazani.

"Zungumzeni," aliwaambia. "Mimi hapana sikia. Masikio yangu iko mzee." Kisha akasogea karibu zaidi.

Chini yao wanawake wa Uganda walikuwa wanapanga nyanya, na mwenye boda mmoja alikuwa anagombana na abiria. Wafula alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili.

"Niambie si wewe," Rejoice alisema.

"Ni mimi."

"Niambie tena."

"Ni mimi. Jumanne jioni huwa tunakutana, sisi Wakenya kama kumi na wawili, nyumbani kwa dada mmoja anaitwa Penina, wa benki. Tunaimba kidogo, tunasoma neno, halafu kila mtu anatoa ombi lake, tunaliombea. Mmoja alitoa la mama yake mgonjwa. Mwingine la ndoa yake. Ikafika zamu yangu. Sikutaja jina, Mungu ni shahidi."

"Ulitaja chai."

"Nilitaja chai."

"Ulitaja Nesitu."

"Nilisema, tumwombee dada mmoja aliyejificha Nesitu, kwa shangazi yake anayewauzia madereva chai, mumewe asimpate."

"Na Mungu alikuwa hajui Nesitu iko wapi? Alihitaji wewe umwelekeze njia?"

Rejoice alitaka Wafula alie, au ajitetee, ili apate pa kumpiga. Wafula alisimama tu.

"Kuna kijana kwenye kikundi, Ryan," alisema. "Anafanya kazi hotelini. Hakuwa na nia mbaya, aliguswa. Kesho yake akamwambia mwenzake wa jikoni naye aombe. Huyo mwenzake ndiye anayepokea maji ya kunywa kutoka kwa gari la Ivan. Niliwafuata mmoja mmoja mpaka nikafika mwisho. Ndiyo maana wiki tatu sikuonekana. Nilitaka nije na jambo zima, nisije na nusu."

"Wiki tatu nilikutetea. Mbele ya huyu mzee hapa. Nilimwambia wewe huwezi."

"Kweli alisema," mzee Lokosang aliingilia, akakumbuka kwamba hasikii, akanyamaza.

"Shirika lenu limeandika hakuna ushahidi," Rejoice aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inamtoroka. "Wakili naye kasema hatuna kitu. Ungekaa kimya, Wafula! Ungekaa kimya tu, ungebaki. Nani angejua?"

"Wewe ungejua?"

"Nisingejua."

"Mimi ningejua. Ningekuja Alhamisi, nikae kwenye kile kiti cha bluu. Ungeniletea chai. Ningeinywa huku najua."

Rejoice aligeuza uso upande wa soko. Alimchukia kwa jibu hilo, kwa sababu ndilo hasa jibu ambalo lingemfanya ampende kama angekuwa hampendi tayari. Kisha akauliza lile swali lililobaki.

"Una mafaili mangapi, Wafula? Hamsini? Sitini? Watu wote hao wana shida. Kwa nini ulitoa letu?"

"Nimeandika. Ukurasa wa pili."

"Nimekuuliza wewe. Sikuuliza ukurasa."

"Nikilisema kwa mdomo hapa, Rejoice, sitaweza kushuka hizi ngazi."

Rejoice. Kwa mwaka mzima alikuwa dada Rejoice, mbele ya faili na nyuma ya faili. Sasa jina lilikuja peke yake, na wote wawili wakalisikia. Alikuwa karibu kiasi kwamba Rejoice aliona uzi uliofumuka kwenye mfuko wa shati lake, na vidole vyake, vidole vya fundi cherehani, vilitaka kuuvuta na kuukata kwa meno. Aliviingiza kwenye mikunjo ya kitenge.

"Tia saini," Wafula alisema taratibu. "Usinionee huruma. Victoria hana usalama mpaka shirika limhamishe, na shirika halitamhamisha mpaka likubali kosa. Mimi ndiye kosa. Tia saini leo."

"Usinifundishe cha kufanya na dada yangu."

"Pole."

Akamgeukia mzee aliyekuwa benchini, akainama kidogo, mikono mbele, akaomba radhi kwa neno la Juba. "Mzee, malesh. Malesh sana."

Mzee Lokosang alimpima kutoka viatu mpaka nywele. Alikuwa na hasira ya kweli, na hasira ilimwongezea urefu hata akiwa ameketi.

"Malesh ya ngazi mimi hapana pokea," alisema. "Mimi iko na nyumba. Nyumba iko na mlango. Malesh nakuja nyumbani."

"Sitaruhusiwa kuja, mzee. Mpaka lalamiko liishe siruhusiwi kukanyaga kwenu. Na likiisha nitakuwa nimeshaondoka."

"Hiyo si shida yangu."

Wafula alitikisa kichwa kukubali. Alimtazama Rejoice kwa namna ileile ya Alhamisi, namna ya macho yaliyosahau kurudi, ila safari hii hapakuwa na fomu ya kuyarudishia. Kisha akashuka. Ngazi zilikuwa kumi na nne, na Rejoice alizihesabu kwa viatu vyake.

*

"Njoo ukae," alisema Jacinta. Alikuwa amelaza kurasa mbili mezani. "Ushahidi sasa tuko nao, na zaidi. Majina, siku, nyumba, maneno yenyewe. Sijawahi kuona mtu akijimaliza vizuri hivi. Ila kuna mistari hii hapa. Soma mwenyewe."

Mwandiko ulikuwa uleule wa kwenye faili, umelala kidogo upande wa kulia. Rejoice alisoma.

*Kwa nini nilitoa habari hizi: Alhamisi iliyotangulia, Rejoice alilia mbele yangu kwa ajili ya dada yake, na sikuruhusiwa kumfuta machozi. Ninampenda. Nimempenda tangu mwezi wa pili, aliponipa kikombe cha chai. Kanuni za kazi yangu zinakataza, kwa hiyo sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Jumanne ile nilikuwa nimejaa. Niliwaomba watu wamwombee dada yake kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kumfanyia jambo lingine lolote. Hili si udhuru. Nimeulizwa sababu, na hii ndiyo sababu.*

Tangu mwezi wa pili. Kwa hiyo kile kikombe alikuwa anakikumbuka na yeye.

Rejoice alikuwa ameshafika kibarazani kabla hajajua kwamba amesimama. Alimwona Wafula ng'ambo ya barabara, nyuma ya boda, magoti yamepanda juu kwa urefu wake. Alimwita. Akamwita tena. Boda ikajipenyeza kati ya mikokoteni, na soko la Custom likajifunga nyuma yake.

Aliporudi ndani, uso ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Nimeambiwa na mwanamume kwamba ananipenda," alisema, "na nimeambiwa kwa karatasi ya ushahidi."

Jacinta alimpa kitambaa cha karatasi na kungoja. Kisha akasema kama wakili. "Nashauri tuyafute hayo maneno. Kwake ni kosa la pili, la kumpenda mtu wa kwenye faili lake. Yakibaki, hii kazi hataifanya tena popote. Na kwenu, wanaweza kusema hii si habari ya siri, ni watu wawili waliogombana. Naweza kumpigia simu aandike upya."

"Na tukifuta?"

"Barua inakuwa safi. Ila wakija kujua tulijua tukaficha, itatugeuka."

Rejoice aliomba simu ya ofisi, kwa sababu namba ya Victoria ilikuwa ya kupigwa kutoka kwenye simu ambayo Ivan haijui. Iliita muda mrefu.

"Nani?"

"Ni mimi." Akamweleza yote, la Jumanne, la Ryan, la gari la maji. Alipofika kwenye ukurasa wa pili alisita, kisha akasema na hilo. "Na mimi nampenda, Victoria. Ni heri ulisikie kwangu. Nampenda, na yeye ndiye aliyekuuza bila kujua."

Mtoto alikohoa mbali na simu.

"Kisakye ameanza tena kukojoa kitandani," Victoria alisema. "Alikuwa ameacha. Sasa akisikia gari anaingia chini ya meza. Wewe unataka nikwambie nini, dada? Nikubariki?"

"Nataka wewe ndiye useme. Siri ilikuwa yako. Mimi nilikushikia tu."

"Basi tia saini. Nataka nyumba yenye mlango unaofungwa na nataka mtoto alale." Alivuta pumzi. "Na huyo mtu asiende kwao hivihivi. Barua ya pole sitaki. Nataka aje, aniangalie usoni, aseme lile neno chai mbele yangu na mbele ya shangazi. Aliseme nikimwona. Baada ya hapo ndiyo uniletee maneno ya mapenzi yako. Kabla ya hapo usiniletee."

"Sawa."

"Unalia?"

"Hapana."

"Unalia. Acha kulia, unamalizia watu salio."

Rejoice aliweka simu mezani na kuvuta kiti karibu. Sauti yake ilikuwa imetulia, kama anapopima kitambaa cha mteja asiyejua anachokitaka.

"Andika, dada wakili. Victoria na mtoto wahamishwe. Haki ya kwenda mahakamani ihifadhiwe. Na kikundi hicho cha Jumanne kiambiwe kiache kutaja vijiji vya watu kikiomba."

"Nimeandika. Na yale maneno yake?"

"Yaache."

"Rejoice, yataharibu kazi yake."

"Kazi ameshaiharibu. Katika karatasi zote mbili, hapo ndipo mahali pekee ambapo hakukosea." Alipangusa pua. "Uliniuliza kama kuna uhusiano. Andika kwamba hakuna kilichotendeka. Na uandike kwamba kwa upande wangu pia upendo upo. Tangu mwezi huohuo. Nakala ya lalamiko, yeye atapewa?"

Jacinta aliinua kichwa. "Ni haki yake. Lazima apewe, asome neno kwa neno."

"Basi niandikie kwa herufi za kusomeka."

Kalamu ilitembea. Mzee Lokosang, ambaye alikuwa amerudi na kuketi karibu na mlango, alisogeza kiti karibu na meza.

"Kuna sehemu ya mwisho," alisema Jacinta. "Unataka nini kutoka kwa afisa mwenyewe. Wengi huandika barua ya kuomba radhi."

"Aombe radhi kwa mdomo. Lalamiko likishafungwa na yeye si afisa wetu tena. Aanze kwa Victoria na shangazi, mahali atakapochagua Victoria. Halafu aje Hai Malakal, nyumbani, mbele ya baba mdogo. Na asije peke yake. Aje na wazee wake."

"Wazee wake wako Bungoma."

"Barabara ipo."

"Muda gani?"

"Huwa mnaandika muda gani?"

"Siku tisini."

"Andika tisini."

Sasa mzee Lokosang alikohoa. Aliitazama meza, akamtazama wakili, kisha akamtazama binti wa kaka yake kwa jicho moja, lingine amelifinya.

"Kijana nakuja nyumbani kwa msichana," alisema polepole, "na wazee yake. Nakaa chini. Naongea na mimi. Hiyo wewe naita malesh?"

"Wewe ndiye uliyesema malesh iende nyumbani, baba."

"Mimi nilisema..." Aliyatafuta maneno yake mwenyewe ngazini alikoyaacha, akayakuta yamekaa kama alivyoyasema. "Hapana. Mkenya hapana. Mkenya mwenye mdomo wazi, hapana kabisa! Akikuja mimi nampiga maneno mpaka jasho natoka kwa viatu."

"Umpige, baba. Ndiyo sababu tunamwita."

Rejoice alitia saini. Aliandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, kama alivyoliandika kwenye fomu ile ya kwanza.

*

Shirika lilijibu siku ya Jumatatu. Jumanne Victoria na Kisakye walihamishwa na gari lisilo na maandishi. Na Jumatano, kwa mujibu wa Jacinta, Wafula alikabidhi kitambulisho cha kazi, akatia saini kwamba amepokea nakala ya lalamiko, akapanda basi la kwenda mpakani Nimule. Alipoulizwa kama ana la kujibu, alikuwa ameisoma karatasi mara tatu akiwa amesimama. Alisema hana, ila aliomba aongezewe nakala moja ya kwake.

Alhamisi Rejoice aliamka akachukua ufagio. Mzee Lokosang alimwangalia kutoka chini ya rakuba na hakuuliza unamfagia nani. Alikisogeza kiti cha bluu kivulini ili jua lisikipasue, akarudi kukaa.

Rejoice alifagia mara moja tu, polepole, kutoka ukutani mpaka getini. Siku zilikuwa zimebaki themanini na tatu, na ufagio wa kuzimaliza ulikuwa mmoja.